Chokaa ya Tambuu Siku ya Nikahi

Jamani, mimi niliwahi kuikimbia nikahi yangu mwenyewe, mbele ya ukoo mzima, na hadi leo nikipita Kisarawe wapo wazee wanaoniona wakaziba midomo. Chekeni tu, nimeshazoea.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa kijana mkulima wa Chole, huko huko Kisarawe, namchumbia Mwanaidi, na ndoa ikakaribia huku gego langu limeoza na kuacha shimo ambalo hata upepo ukiingia nalia. Nikaenda zahanati kwa dresa, yule msaidizi wa daktari anayesafisha na kufunga vidonda, Bwana Yohana, mtu wa Kibaha. Akalisafisha, akachungulia, akaguna.

"Kiini cha jino kiko wazi, mdogo wangu. Nakifunika kwa unga wa zinki na mafuta ya karafuu. Usiguse."

Kisha (laiti angenyamaza!) akaniambia daktari wa meno kule Dar es Salaam ana dawa nyingine ya chokaa, karafuu inatuliza maumivu, lakini chokaa inalifanya jino lijijengee ukuta mpya juu ya kiini. Mimi nikaondoka na neno moja tu: chokaa.

Maumivu yalitulia kabisa, ila harufu! Mdomo ulinuka pilau, na asubuhi ya nikahi nikaona haya, bwana harusi mzima kunuka jikoni, basi nikaichokoa ile dawa kwa mwiba wa mlimau, nikafungua kijaluba cha tambuu cha bibi yangu, nikachota chokaa, nikashindilia.

Mwanzoni sikusikia maumivu yoyote. Shehe akanishika mkono. "Sema, nimekubali kumuoa Mwanaidi." Hapo ndipo moto ulipowaka, mate yakajaa, ulimi ukababuka, machozi yananitiririka, nikafungua mdomo likatoka "Nnnh!", nikauchomoa mkono, nikaruka mkeka na watu wake, nikatimka hadi uani, nikatumbukiza uso kwenye mtungi.

"Amekataa!" baba mkwe akanguruma. Wajomba wakasimama, mmoja keshashika bakora, na mimi kueleza siwezi, midomo imevimba kama maandazi.

Mara Mwanaidi akatokeza dirishani na shela lake, jambo ambalo bibi harusi hafanyi.

"Umenikataa?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa, nikamwachamia mdomo. Akatazama.

"Baba! Hajakataa, amekula chokaa!" Akacheka mpaka shela likamdondoka.

Bwana Yohana, aliyekuwa miongoni mwa waalikwa, akanisukutua kwa maji mengi, akanipaka karafuu zake huku akinisonya, nikarudi mkekani nikatamka, "Nimekuvali." Shehe akasema inatosha, Mungu anaelewa.

Gego lenyewe lilikuja kung'olewa. Mwanaidi naye ameshatangulia mbele ya haki, na nyumba sasa ina ukimya ambao sikuwahi kuujua. Nimeapa sitatia tena dawa kinywani kwa kusikia nusu ya maneno, lakini siku ile, Mungu anisamehe, ningeirudia yote na moto wake, ili nimwone tu akicheka pale dirishani.