Swali la Nne

Mficha uchi hazai. Binti huyu, mwanagenzi wa udaktari wa familia, aliwapigia wagonjwa methali hiyo kutwa kucha ili wasimfiche maradhi yao. Yeye mwenyewe sasa! Alikuwa mfichaji namba moja pale zahanati.

Mkufunzi wake, mama wa makamo ambaye wote walimwita Mwalimu, alikaa chumba cha mwisho. Siku ya kwanza alimwambia, "Ukikwama, bisha." Binti akabisha. Siku moja alibisha mara sita, na mara ya sita Mwalimu alivua miwani akasugua macho. Labda alikuwa na usingizi tu, lakini binti alijiona mzigo, na tangu hapo akajiwekea kipimo: maswali matatu kwa siku, basi. Mengine afe nayo, na tai shingoni.

Mchana alikula peke yake chumbani kwake, kiporo ndani ya kibakuli cha plastiki. Mama yake alipiga simu kila siku saa hiyo.

"Wenzio wanakutunza, mwanangu?"

"Wananitunza, mama."

Wenzie gani? Muuguzi alimsalimia asubuhi, akamuaga jioni. Upweke ulimbana kiasi kwamba alifurahi akiingia mgonjwa mwenye maneno mengi.

Siku ninayoisema, saa nne haijafika, maswali yote matatu yalikwisha: upele wa mtoto, dozi ya dawa ya kifua, na fomu ya ruhusa ambayo hata mlinzi angeijaza.

Saa tano akaingia fundi cherehani, mzee wa miaka sabini hivi. Kichwa kilimuuma upande wa kushoto, penye panja, hata kwa kitana hapagusiki. Na jana jicho la upande huo lilififia kidogo, kisha likarudi.

Binti alihisi kuna jambo. Akamwomba mzee asubiri, akaenda hadi mlango wa Mwalimu, akainua mkono. Ndani Mwalimu alikohoa. Mkono ukashuka, akarudi zake.

"Ni uchovu wa macho, baba. Meza dawa hizi za maumivu, urudi wiki ijayo."

"Ahsante, mwanangu. Uzee huu! Siku hizi hata chakula simalizi, taya zinachoka kama nimetafuna kamba."

Wakacheka wote wawili, mzee akaenda zake.

Mchana, tonge la tatu likiwa mdomoni, binti aliacha kutafuna. Taya. Safari hii hakubisha, alifungua tu mlango na kueleza yote akiwa amesimama.

"Yuko wapi?" Mwalimu aliuliza.

"Nimemruhusu aende."

Mwalimu hakumgombeza. Aliinua simu, akampigia bingwa wa macho wa hospitali kubwa. "Samahani kukusumbua, daktari, najua leo hii ni mara ya tano..."

Binti alitaka kulia. Samahani ile aliijua, ndiyo aliyokuwa akiifanyia mazoezi kila siku kwenye korido.

Mwalimu akaweka simu. "Kichwa, jicho, na sasa taya: mishipa ya kichwa imevimba. Ikiziba, jicho linakufa. Mfuate, dawa aanze leo leo."

Duka la fundi lilikuwa mtaa wa nyuma. Alimkuta ameinamia cherehani, sindano mkono mmoja, uzi mkono mwingine, na vitu hivyo viwili vinapishana.

"Afadhali umekuja, mwanangu. Nitungie uzi huu. Jicho la kushoto limezima, sijui hata saa ngapi."

Dawa ililiokoa jicho la kulia. La kushoto halikurudi.

Mwezi uliofuata mzee alikuja kupimwa. Binti alikuwa hajalala vizuri kwa wiki nne, akaona heri aseme.

"Baba, siku ile nilitakiwa kumuuliza mkubwa wangu kabla hujaondoka. Nilifika mlangoni kwake, nikarudi."

Mzee alimtazama kwa jicho lililobaki.

"Ulimwogopa nani?"

Binti alimtafuta mtu huyo moyoni, hakumwona.

"Hakuna mtu, baba."

Mzee akaguna. Akatia mkono mfukoni, akatoa sindano tano zilizochomekwa kwenye kipande cha kitambaa, na uzi mweusi, akaviweka mezani.

"Haya. Nitungie zote, zinifikishe Jumamosi."