Mpira wa Viroba Kwenye Paja la Kaka

Kaka nilimfunga mimi. Nasema mapema kwa sababu hapa Segese kuna watu wanasimulia vingine, na mmoja nilishataka kumzaba kofi.

Kaka yangu ni mchimbaji. Jiwe lilimpiga goti akiwa ndani ya duara, shimo la dhahabu, akakaa nyumbani mpaka paja likawa jembamba kama la mtoto. Hospitali walimwambia afanye mazoezi ila asinyanyue kitu kizito. Sasa nguvu inarudije bila uzito? Mimi shule niliishia darasa la saba, lakini simu inanifundisha. Nikaona video, watu wanajifunga mkanda juu ya paja, damu inapita kidogo, wananyanyua uzito mdogo tu na misuli inajaa. Nikamwambia, "Kaka, dawa imepatikana."

Mkanda wa kwenye video una kipimo chake. Sisi tulikuwa na mpira wa tyubu. Kazi yangu ni kubeba viroba vya mawe kwa pikipiki mpaka kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, na viroba nafunga kwa namna moja tu: unavuta mpaka mpira ulie, maana mzigo ukicheza unaanguka nao. Paja la kaka nikalifunga hivyohivyo.

"Unanifunga kama mbuzi wa mnadani," akalalamika.

"Beba kidumu hicho. Inuka, kaa. Mdomo hauna misuli."

Siku tatu tukaenda vizuri. Ya nne, asubuhi, mguu ukageuka zambarau. Akakaa kwenye stuli, hakuinuka tena. Jasho linamchuruzika, ameshika kichwa.

"Mdogo wangu, moyo unanigonga masikioni."

Fundo likagoma kufunguka. Nikachukua kisu, nikaukata mpira huku naogopa kumkata na yeye. Nikampakia kwenye pikipiki mpaka zahanati, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeishika mikono yake tumboni kwangu. Akinyamaza nauliza, "Uko hai?"

"Endesha, mjinga wewe!"

Zahanati kulikuwa na foleni. Nikaanza kufoka. Nesi, mama mtu mzima, akanitazama tu. "Kijana, hata shikamoo hamna? Ukimaliza kelele, mkalishe mgonjwa hapa."

Akampima. Akasubiri, akampima tena.

"Presha iko juu sana. Anayo tangu lini?"

"Kaka yangu hana presha!"

"Ulimpima wewe?"

Nikamweleza habari ya mpira.

"Zoezi hilo lipo," akasema. "Lakini mtu anapimwa kwanza, mkanda unabana kwa kiasi, halafu unalegezwa. Wewe umeziba njia. Moyo unasukuma damu, damu haina pa kupita, presha inapanda. Na huyu inaonekana alikuwa nayo kabla. Tena damu ikisimama mguuni inaweza kuganda, ikapanda kifuani. Mguu ukivimba, au akihema kwa shida, mlete mbio."

Kaka akatulia, tukarudi nyumbani na vidonge. Shemeji, mke wake, akauona ule mstari mwekundu pajani. "Nani kamfunga hivi?"

"Nilijifunga mwenyewe," kaka akajibu.

Ningeweza kunyamaza. Lakini mtu mwenye moyo unaokwenda vile asibebe na uongo wangu juu yake. "Shemeji, ni mimi."

Hakunitukana, na afadhali angenitukana. "Basi utakaa hapa umwangalie wewe."

Nilikaa siku tano, pikipiki imelala. Kila asubuhi na jioni nilipima kigimbi chake kwa uzi, nikilinganisha na kile cha mguu mzima. Siku moja alipaliwa na ugali, nikawa nimeshavaa helmeti. Shemeji akacheka, kaka akacheka mpaka akakohoa tena. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Siku ya sita nikamrudisha zahanati, nesi akampima. Presha imeshuka, bado haijafika pake.

"Duarani narudi lini?" kaka akauliza.

"Presha ikae sawa kwanza. Kwa sasa tembea. Taratibu."

Nje nikawasha pikipiki. Akakataa kupanda. "Si umesikia, nitembee?"

Nikaizima, nikawa naisukuma pembeni yake. Anachechemea, kifua kinapanda na kushuka. Nikawa nahesabu pumzi zake.

"Acha kunisikiliza hivyo," akasema.

"Sikusikilizi."

Tulipofika kwenye kilima alisimama kupumzika, na mimi nikashika ufunguo wa pikipiki, tayari kuiwasha.