Kitanda Kikubwa cha Mzee Randa

Tangu mkewe azikwe, Mzee Randa hakuwa amelia wala kupata usingizi wa maana. Kila jioni seremala huyo alitoka karakana, akala alichokikuta, akajilaza ukingoni mwa kitanda alichokichonga mwenyewe walipooana, macho kodo hadi kuche. Majirani walimletea ile dawa yetu ya kijinga tunayompa kila mfiwa: "Jikaze." Alikuwa amekwisha kujikaza kama skrubu iliyolika kichwa, haiingii, haitoki.

Bintiye, muuguzi aliyeolewa ng'ambo kwa wasema Kihispania, aliamua kwa niaba yake.

"Baba, njoo ukae nasi. Nyumba yote hiyo utaishi na nani? Anza kujifunza lugha. Jumapili nikipiga unipe jibu, nikate tiketi."

Akaenda darasani. Hata kukataa kunataka nguvu.

Darasa lilikuwa chumba kimoja juu ya duka la rangi, na harufu ya tapentaini ilipenya sakafuni. Mwalimu, dada mwembamba mwenye sauti kubwa kumliko, aliandika ubaoni: *grande*.

"Maana yake kubwa. Nyumba kubwa ni *casa grande*. Kaka aliyekuzidi umri ni *hermano grande*. Lakini ukiliweka mbele ya nomino, linakatwa mkia, linakuwa *gran*, na mara nyingi linageuka sifa. *Gran mujer*: mwanamke adhimu, hata kama kimo chake ni cha kinu."

"Na tumbo la huyu je?" aliuliza mama muuza vitambaa, akimwonyesha kinyozi aliyekaa naye.

"Hili ni *gran*, dada," kinyozi akalipapasa. "Linaamkiwa shikamoo."

Watu wakacheka. Mzee Randa alikisikia kicheko kama mtu asikiaye mvua akiwa ndani.

"Haya baba, zamu yako," mwalimu akasema. "Kitu chochote cha nyumbani."

"*Mi cama es grande*," akasema. Kitanda changu ni kikubwa.

"Eeh, mzee wa kazi!" kinyozi akadakia. "Na mama mwenyewe anasemaje?"

"Hasemi. Amefariki."

Kinyozi akajifunika mdomo. "Nisamehe mzee wangu. Ulimi hauna mfupa."

"Si kitu," alijibu, na kweli hakuhisi kitu. Lakini njiani lile neno lilimwandama. Nyumba haikuwa kubwa. Chumba, sebule na jiko tu, na vyote alivimudu. Kikubwa kilikuwa kitanda.

Jumamosi hakufungua karakana. Alilitoa godoro, akavuta tepu, akapiga mstari kwa penseli, akashika msumeno. Alikata ubao wa kichwani, akakata wa miguuni, akazifupisha chaga moja moja, kisha akausogeza ndani ubao wa ubavuni pamoja na miguu ya kitanda, akaunga kwa gundi na skrubu. Mwisho alilipasua godoro kwa kisu. Usiku ule alilala hadi jua likampiga usoni.

Jumapili simu ikaita, uso wa bintiye ukajaa kwenye kioo.

"Shikamoo baba. Umeamuaje?"

"Marahaba mama. Tiketi usikate."

"Baba, jamani! Mimi huku silali, nakuwaza peke yako kwenye nyumba kubwa..."

"Kikubwa kilikuwa kitanda. Nimekipunguza." Akaigeuza simu aone.

Sauti ya binti ikapasuka. "Umekata kitanda cha mama? Baba, umewezaje? Upande wake umeutupa wapi?"

Akaisogeza simu kwenye ubao wa kichwani, karibu na ukuta, palipokuwa na doa jeusi la mafuta ya nywele. Lilikuwa palepale, zima.

"Wake huu hapa," akasema. "Nimeukata wangu."

Bintiye alilia. Mzee Randa aliishikilia simu, akamsubiri amalize, huku kidole gumba kikilifuata lile doa, taratibu, kama anayepima ulaini wa mbao.