Blanketi la Nyongeza

Jirani yangu tunamwita Bi Manufaa. Jina hilo tulimpa sisi wapangaji wa kibaraza hiki kwa kumtania, naye akalizoea. Anauza vitu vya watoto wachanga. Mimi nina cherehani mlango wa pili, na mlango wa katikati yetu hatuufungi, kwa hiyo kila anachosema nakisikia, na mdomo haumtulii.

Ukiingia kwake kutafuta zawadi ya mtu anayetarajia mtoto, huuziwi kitu mpaka uhojiwe. Anaishi chini au ghorofani? Maji yanatoka ndani au yanachotwa? Nani atafua? Mtu amekuja na furaha zake anataka viatu vidogo vya kumeremeta, Bi Manufaa anamkatiza: "Mtoto wa wiki moja anakwenda wapi na viatu? Mnunulie mama yake chupa ya chai. Akinyonyesha njaa inamuuma, na hakuna anayemkumbuka." Wengine hununa wakaondoka zao. Wengi hurudi kushukuru. Hata vifurushi anavifunga kwa utepe wenye fundo la kitanzi, linalofunguka kwa mkono mmoja, kwa sababu, anasema, mzazi mkono wa pili hana.

Akili yote hiyo, na ndiyo iliyomponza.

Ana binti mmoja tu, anafanya kazi kwenye duka la dawa mtaa wa nyuma. Binti alipopata mimba ya kwanza, mama mtu alimjazia chumba: beseni, chandarua, nepi, na blanketi la njano alilolifuma mwenyewe. Mtoto alizaliwa hapumui. Binti akiwa bado hospitali, Bi Manufaa aliingia chumbani mle, akakusanya kila kitu, akafua, akapiga pasi, akarudisha dukani. Nilimuuliza, "Shoga, umemuuliza mwenyewe?" Akanijibu kwamba hataki mwanawe arudi avikute, roho imuume bure. Hapo nilimwelewa. Kilichonishinda ni kwamba alivipanga kwenye rafu, akaviuza. Hakufanya kwa tamaa, naapa. Kwake yeye kitu kizuri kukaa bila kazi ni dhambi, na hata msiba haukumfundisha kwamba kuna vitu havina kazi nyingine.

Siku moja mwanamke aliingia duka la dawa na mtoto mikononi, amemfunika blanketi la njano. Binti alilijua. Alikuja hapa na koti lake la kazini, akasimama mlangoni, wala hakupiga kelele.

"Mama," alisema, "umemuuza mwanangu."

Tangu siku hiyo hajakanyaga hapa. Simu hapokei. Mama mtu alipokwenda kubisha hodi kwao, ghorofani juu ya kinyozi, mkwe ndiye aliyetoka, akasema kwa adabu zote kwamba mwenzake amelala. Mchana kweupe.

Sasa mwaka huu akaja msichana mmoja mchangamfu, anatafuta zawadi ya mwenzake wa kazini. Bi Manufaa akaanza maswali yake.

"Anaishi ghorofani, juu ya kinyozi," msichana alisema. "Maji yanapanda asubuhi tu. Mumewe yuko zamu za usiku, kwa hiyo kufua ni kwake mwenyewe. Na ni mimba ya pili, mama. Ya kwanza haikuwa na bahati."

Sikusikia swali lingine. Niliinua macho nikamwona Bi Manufaa ameshika kaunta kwa mikono miwili. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba binti yake ana mimba tena. Alijiweka sawa, akaanza kuchagua: ndoo yenye kifuniko, vibanio vya nguo, nepi za kitambaa nilizozipinda mimi, chupa ya chai. Mwisho akainama chini ya kaunta akatoa blanketi la njano, jipya. Nilikuwa nikimwona akilifuma wateja wakipungua, nikidhani ni la biashara.

"Hili ni nyongeza," alisema. "Usimwambie limetoka kwangu. Mwambie umelipenda tu."

Akafunga kila kitu kwa utepe wake. Msichana alipoondoka nilimgombeza. Nilimwambia aende mwenyewe, akamwombe binti yake msamaha, ndoo haiombi msamaha. Akasema, "Akipokea vitu vyangu, taratibu atanipokea na mimi." Siku zile alikuwa akiimbaimba dukani, na kila kivuli kikipita mlangoni anageuka. Nilimwonea huruma.

Maana mimi nilikuwa nimeuona ule utepe. Binti amekulia kwenye kaunta ile, na fundo la kitanzi alifundishwa kabla hajajua kusoma. Bi Manufaa aliwaza maji, akawaza ngazi, akawaza kufua, ila mikono yake mwenyewe hakuiwaza.

Msichana alirudi ameikumbatia ndoo, haya imemjaa usoni. Utepe haukuwa umeguswa.

"Amejifungua?" Bi Manufaa aliuliza hata kabla ya salamu.

"Amejifungua, mama. Wa kike. Wote wazima."

Nilimwona akicheka na kulia kwa pamoja. Ndivyo alivyopata habari ya kuwa bibi, kwa mtu asiyejua anamwambia nani. Kisha akaitazama ndoo.

"Mbona umevirudisha?"

"Hata sielewi, mama. Alipoona fundo tu, akasema nivirudishe hapa. Akasema uviweke kwenye rafu, vitapata mteja."

Msichana aliomba radhi kwa kosa lisilo lake, akaenda zake. Bi Manufaa alifungua fundo kwa mkono mmoja, akarudisha kila kitu mahali pake. Blanketi alilikunja akaliweka rafu ya juu, peke yake. Sikumsikia tena kumhoji mteja. Ukitaka viatu vya kumeremeta sasa unapewa viatu, unakwenda.

Wiki iliyopita aliingia baba mmoja, mkewe amejifungua, akaelekeza kidole kwenye blanketi.

"Hilo haliuzwi," Bi Manufaa alisema.

Yule baba alicheka. "Haliuzwi? Sasa kwenye rafu linafanya nini?"

Bi Manufaa akanitazama mimi kupitia mlango. Nikainamia cherehani.