Samaki wa Mzee Breki

Mtaani walimwita Mama Pazia, na jina hilo lilimtosha, maana tangu ujana wake hakuwahi kushona kitu kingine. Nguo za watu hakuzitaka. Alisema dirisha halinenepi, halikondi, wala halirudi kulalamika kwamba limebanwa kwapani. Ukimpa kazi, alikuja mwenyewe na tepu yake shingoni kupima, na baadaye alirudi na pazia lenye bitana, marinda yamelala sawasawa, akapanda ngazi akalitundika, akalivuta mara moja kulia na mara moja kushoto, basi akaondoka zake.

Mumewe alikuwa dereva wa malori makubwa. Wenzake walimpa jina la Breki kwa utani, kwa kuwa hakuwa nazo, si barabarani si mdomoni. Katika ndoa yao alikuwa mtu wa kuja na kuondoka, na Mama Pazia alijifunza kuishi naye kama watu wanavyoishi na mvua: ikinyesha unaingia ndani, ikikatika unatoka kuanika. Breki akiwa nyumbani alikosoa chumvi, akakosoa godoro, akawachekesha wageni kwa kumwigiza mkewe anavyoongea na pini midomoni. Lori likishapakiwa, nyumba ilipumua.

Siku moja kiharusi kikampiga akiwa karakana anakagua matairi, kikamrudisha nyumbani moja kwa moja. Upande wa kulia wote ulilala. Mdomo nao ulipinda kidogo, ila haukunyamaza.

Sebule yao ndiyo ilikuwa kiwanda cha Mama Pazia. Cherehani ilikaa dirishani, majora ya vitambaa yameegemea ukuta, na sasa kiti cha Breki kikawekwa katikati, uso kwa uso na fundi. Kutwa nzima alimtazama anavyokata na kushona, na kutwa nzima alikuwa na la kusema. Mshono umepinda. Mgongo umeota nundu. Mwanamke mzima anazungumza na kitambaa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliyekuja kumnyoosha mkono, alishauri mgonjwa atafutiwe kitu hai cha kutazama, kitu kinachocheza, asije akazama kwenye mawazo. Breki akajibu kwamba anaye mkewe, anacheza kama geti lisilotiwa grisi. Mtaalamu hakucheka.

Binti yao, anayefanya kazi mji mwingine, alipoyasikia hayo kwenye simu akatuma tangi la samaki. Lilikuja na meza yake ya chuma, taa, chujio na pampu ya hewa, na wapakuzi walilazimika kung'oa mlango kulipitisha. Breki alisema ni jeneza la kioo na kwamba mtoto amejua kumpimia baba yake. Ndani ya nyumba ile hakuna aliyewahi kufuga hata kifaranga.

Mama Pazia akaenda kwa muuza samaki wa mapambo, mtu mwembamba aliyefunga miwani yake kwa uzi wa kushonea viatu. Alimwambia ana tangi kubwa na anataka kulijaza siku hiyohiyo. Yule mtu akakataa kumuuzia. Badala yake akamvutia kigoda, akamweleza kwamba maji ya bomba yana dawa, yanapaswa kutulia; kwamba hata yakitulia bado hayajaiva, chujio lizunguke majuma kadhaa mpaka vijidudu vinavyokula uchafu vizaliane; na kwamba samaki wa kwanza wawe wachache, wagumu, wapole.

"Mama, anayeanza huponzwa na jambo moja," alisema. "Ananunua kwa macho."

Akamtembeza. Huyu mwenye mapezi kama shela ni mzuri, ila hapatani na mwenzake. Huyu mnene wa rangi ya chungwa anachafua maji kuliko bata. Kwenye tangi la pembeni, peke yake, alikuwepo mmoja mpana, mweusi mwenye mabaka ya rangi ya kutu, mdomo mzito, jicho jekundu limemkazia mgeni. Muuzaji akasema huyo ana akili, atakujua sura na atakula mkononi mwako, lakini chochote kinachoenea kinywani mwake ni chakula. Mama Pazia akampita.

Aliowachagua walikuwa wadogo, urefu wa pini, kila mmoja ana mstari wa buluu ubavuni kama uliotariziwa kwa uzi wa hariri. Wanaishi kwa kundi, aliambiwa. Ukimtenga mmoja anasinyaa. Akaongeza wengine wachache wenye sharubu, wa kuokota makombo chini.

Kwanza alisubiri maji yaive kama alivyoelekezwa. Breki akawa anamuuliza kila anayeingia kama amekuja kutazama bomba. Hatimaye samaki wakaja ndani ya mfuko, mfuko ukaelea kwanza ndani ya tangi ili maji yapatane joto, kisha wakafunguliwa. Walijibana wote kona moja kwa woga. Halafu mmoja akathubutu, wengine wakafuata, na kundi zima likageuka kwa pamoja, buluu ikawaka mara moja mithili ya pazia linalovutwa.

Mama Pazia alicheka peke yake, kicheko kidogo cha kooni ambacho mumewe hakuwahi kukisikia.

Akahamisha cherehani karibu na kioo. Akawa anashona huku jicho moja liko kwao, anawasalimu asubuhi, anawasimulia ukaidi wa wateja. Breki akimtupia neno, yeye aliitikia "Mhm" na pini midomoni. Mtu aliyezoea kuwa ndiye hali ya hewa ya nyumba alijikuta ananyesha na hakuna anayeingia ndani.

Akamwita mdogo wake. Huyo shemeji ya Mama Pazia alikuwa mtu wa ndiyo. Tangu utoto hakuwahi kumkatalia kaka yake. Breki alimtuma amletee samaki mkubwa kuliko wote dukani, na akiulizwa aseme tangi ni tupu. Siku Mama Pazia alipokuwa kwenye nyumba ya wageni akitundika mapazia, shemeji akaja na mfuko mzito unaorukaruka.

Mama Pazia aliporudi alimkuta shemeji amekaa ukingoni mwa kiti, anaangalia viatu vyake. Kwenye tangi yule mpana mwenye mabaka alikuwa amesimama katikati ya maji. Kundi lilikuwa limebaki kipande, limebanwa nyuma ya jiwe.

Alichukua wavu, akaingiza mkono hadi begani, na gauni lake la kazi likalowa. Lile lisamaki lilikuwa jepesi kuliko lilivyoonekana, na kila alipolifukuza, wadogo walitawanyika, na kila walipotawanyika, mmoja alipotea. Nyuma yake Breki alikuwa anatangaza kama mtangazaji wa mpira.

"Huyo wa kushoto, Mama Pazia. Kushoto kwako. Aa, umechelewa. Sasa anakuja wa pili, huyu hana mbio."

Shemeji alimwomba kaka yake anyamaze, kwa sauti ya chini, na hilo halikusaidia kitu. Jua lilipoelekea kuzama walikuwa wamebaki wenye sharubu tu, na kabla ya juma kwisha hata hao hawakuwepo. Mama Pazia alikausha mkono, akabadili gauni, akampa mumewe chakula chake. Hakulia, na Breki aliyekuwa anamtazama usoni akingojea chozi alikula bila raha.

Muuza samaki alipopata habari alisikitika sana, akasema yuko tayari kumpokea yule mkubwa hata kesho. Mama Pazia akamwambia amwache kwanza. Wakati ule hakujua kwa nini. Labda hakutaka mumewe aone kwamba ameumia.

Kilichotokea baadaye hakuna aliyekitarajia. Samaki yule alimjua Breki. Kiti kikisogezwa, alikuja kiooni na kutulia, jicho jekundu kwa jicho la mzee. Breki alianza kumlisha kwa mkono wa kushoto, akimdondoshea vipande vya nyama, na samaki akavipokea taratibu bila kumng'ata. Akampa jina la Utingo, kwa kumbukumbu ya vijana aliosafiri nao kwenye lori. Akawa anamsimulia barabara: mteremko uliomuua fulani, daraja lililozolewa na maji, kituo chenye chai nzuri. Alijilazimisha kuinua na ule mkono wa kulia, kwa sababu Utingo alifuata vidole vinavyotembea kiooni, na mtaalamu wa mazoezi alipoona vidole vilivyokufa vinafunguka alimpongeza Mama Pazia kwa kumchagulia mgonjwa samaki wa maana.

Mama Pazia alishona na kusikiliza. Ilikuwa sauti nyingine kabisa, laini, ya mtu asiye na haraka. Asubuhi moja, akiwa ameinamia pindo, alimsikia mumewe akiuliza:

"Umeshiba? Au nikuongeze?"

Alinyanyua kichwa kuitikia. Kisha akaona mzee ameegemea kioo. Katika maisha yao yote hakuwahi kuulizwa swali hilo, na sasa nusura alijibu. Alirudi kwenye pindo lake na kulimaliza. Sasa alijua kwa nini alimbakiza samaki.

Hakufanya pupa. Alimwacha Utingo anenepe na mkono wa Breki upate nguvu ya kugusa kioo wenyewe. Ndipo akaazima ndoo kubwa yenye mfuniko, akaita teksi ingoje nje, akakigeuza kiti cha mumewe ili kielekee tangi barabara.

Breki akauliza kama anabadilisha maji. Mkewe akakunja mkono wa gauni. Akazamisha wavu, na samaki aliyezoea kwamba mkono ni chakula akajiingiza mwenyewe.

"Mke wangu," Breki alisema. Alikuwa hajamwita hivyo tangu binti yao hajazaliwa. "Mke wangu, niachie huyu. Nitukane, nipige ukitaka. Niachie huyu."

"Tazama vizuri," Mama Pazia alimwambia. "Mimi nilitazama."

Alifunika ndoo. Breki alijaribu kusimama, akaanguka ubavu kwenye majora ya vitambaa, na mkewe akaweka ndoo chini, akamnyanyua kwa uangalifu, akamkalisha, akamnyoosha kola. Ndipo akatoka.

Dukani, muuza samaki alimgeuza Utingo huku na huku, akasema aliyemtunza amemtunza kwa moyo. Mama Pazia alisema ni mume wake, akaaga.

Tangi hakuliondoa. Aliacha taa inawaka na mapovu yanapanda, na kiti hakukigeuza. Breki alikaa mbele ya maji matupu mchana baada ya mchana. Matusi yalikwisha. Alikula anachopewa na kusema asante, na vidole vya mkono wa kulia vikajikunja tena, kimoja kimoja, mpaka mtaalamu wa mazoezi akakata tamaa navyo. Binti alipopiga simu kuuliza habari za samaki, baba mtu alisema walikufa, maji hayakuwakubali.

Mwaka uliofuata kliniki moja ya meno ilimwita Mama Pazia apime madirisha. Kwenye chumba cha kusubiria alimkuta Utingo. Walikuwa wamemnunua kwa ajili ya watoto wanaoogopa kung'olewa meno. Alikuwa kwenye tangi pana kuliko lile la nyumbani, amenona, anang'aa, na kila mtoto aliyeinua mkono alimfuata. Mama Pazia alisimama pale kitambo na tepu yake. Naye aliinua mkono. Samaki akaja.

Alirudi nyumbani, akampa mumewe dawa, akakaa kwenye cherehani. Breki akauliza, bila kumwangalia, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuuliza:

"Yule samaki. Alipata mahali pazuri?"

Cherehani ilisimama.

"Alikufa njiani," Mama Pazia alisema. "Ndani ya ndoo."

Breki akafikiri. "Maji yalikuwemo ya kutosha?"

"Yalimwagika."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Machozi yalimtoka kwa jicho moja tu, lile la upande mzima, yakashuka hadi kidevuni na hakuinua mkono kuyafuta. Mama Pazia aliyaona. Alilamba ncha ya uzi, akailenga kwenye tundu la sindano, ikaingia mara ya kwanza.