Habari za Meli kwa Kusaba

Baada ya vita, Ijichi Morikazu, aliyekuwa nahodha wa manowari, alitengeneza miavuli kwenye kibanda karibu na stesheni ya Kure. Kila mwaka, siku za kuzuru makaburi zilipofika, alipanda treni kwenda kwa mama wa Kusaba, afisa wa zamu wa manowari ile, ambaye alizama nayo. Alifukiza ubani mbele ya picha ya marehemu, kisha akampa habari za mabaharia wenzake: nani kaoa, nani kapata kazi. Katika nyumba za huko marehemu hafichwi kitu.

Mwaka 1948 wachunguzi wa upande ulioshinda walimwita. Wakati wa vita manowari yake ilizamisha meli ya mizigo, na watu kumi na mmoja waliookoka walipigwa risasi wakielea majini. Nani aliamuru? Huyo angeweza kunyongwa.

Ikehata, aliyekuwa fundi wa mitambo wa manowari, alimfuata kibandani.

"Sisi mabaharia tumeshapatana, Kapteni. Wewe ulikuwa umelala. Amri aliitoa Kusaba."

"Kusaba alinisihi nisiitoe."

"Na kafa. Maiti hanyongwi, mzee. Una mke, usijitie ushujaa leo."

Ijichi hakukataa. Alifungua mwavuli, akaufunga tena.

Siku mbili kabla ya kuhojiwa, alikwenda kufukiza ubani kama kawaida.

"Mbona umekonda, Kapteni?" aliuliza mama Kusaba. "Mvua haikunyesha huko kwenu?"

"Imenyesha, mama. Watu siku hizi wanalowa tu."

Mama alicheka, akamwekea viazi vitamu vya kuchemsha. "Haya, mpe mwenzio habari."

Ijichi alipiga magoti. Alianza na Ikehata: kapata mtoto wa kike. Akataja wawili walioajiriwa bandarini. Ikabaki habari moja. Alitazama kijiti cha ubani mpaka kikaungua chote.

"Ndizo hizo tu?" mama aliuliza.

"Kusaba," alisema, "wale watu majini, amri ilikuwa yangu. Ulinikataza. Keshokutwa nitawaambia hivyo hivyo."

Mama alichukua sahani ya viazi, haijaguswa, akairudisha jikoni. Hakutoka kumuaga.

Ijichi alifungwa miaka kumi na miwili. Kila mwaka aliandika kwenye kadi habari za mabaharia alizoletewa, na Ikehata akaenda kumsomea Kusaba mbele ya picha yake. Mwaka wa tatu kifurushi kilifika gerezani: viazi vitamu vilivyokaushwa, vimefungwa kwa kitambaa. Barua haikuwamo.