Pole Isiyoungama Kitu

Amekufa mwandishi wa tamthilia za televisheni, Mwingereza ambaye magazeti ya hapa London yamemsifu wiki nzima kwa sikio lake. Wanasema hakuna aliyesikia watu wanavyozungumza kama yeye. Safu hii nimeianza na kuifuta mara nyingi, maana ndivyo nilivyo: sikusomea uandishi popote, nimejifunza kwa vitabu vya maktaba ya Peckham, na koma moja ikinitia shaka hunikosesha raha kutwa. Lakini hili sina shaka nalo: mzee yule alikuwa kiziwi wa kujitakia.

Najua, kwa sababu aliniita nimkagulie Kiswahili. Tamthilia yake ilimhusu mama wa Kitanzania anayetunza wazee, anayeshukiwa kumuua mmoja wao. Anakutana na binti wa marehemu, anamwambia, "Pole." Chini ya skrini mzee akaweka tafsiri: "Nisamehe." Polisi wanalidaka neno hilo, mama wa watu anafungwa. Nikamweleza kwamba pole hupewa aliyejikwaa, aliyechoka, aliyefiwa, na anayeitoa hana kosa lolote. Akakoroga chai yake bila kuniangalia.

"Neno zuri," akasema. "Lakini asipoungama, sehemu ya tatu sina."

"Basi mbadilishie neno."

"Aa, kijana. Hili lina muziki."

Ikarushwa vivyo hivyo, ikapata tuzo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alilitia maji kwanza, sifa zikafuata.

Mama yangu anafanya kazi hiyo hiyo, kwenye nyumba ya wazee kule Edmonton, kaskazini mwa London. Alikuwa amewafundisha wote neno lake, hata bibi mmoja wa Kiingereza aliyempokea kila asubuhi, akitoka kwenye basi, kwa, "Pole na basi!" Bibi huyo alipofariki, mama akamshika mkono mwana wa marehemu, akamwambia, "Pole." Yule bwana alikuwa ameitazama tamthilia. Akauchomoa mkono. "Pole ya nini? Umemfanya nini mama yangu?" Meneja akamwomba mama asilitumie tena neno hilo kazini. Alirudi nyumbani, akaketi bila kuvua koti. "Wewe na bwana wako wa muziki! Leo nimesimama msibani kama sanamu." Tangu siku ile, wazee wakifa, mama hulimeza.

Kutojua si aibu. Mimi mwenyewe sijui mengi, na hunitesa. Ila huyu aliambiwa, akaelewa, akachagua uongo kwa kuwa ulimkalia vizuri kwenye hadithi. Mimi naogopa koma. Yeye hakuogopa kumnyang'anya mtu neno la kumfariji mwenzake. Na hicho ndicho wanachokiita sikio.

Juzi nilimsomea mama tanzia gazetini, nikiguna kila sentensi. Akanikatiza.

"Ameacha mke?"

"Ameacha."

"Basi mpelekee pole."

"Mama! Yule?"

"Yule keshakufa, pole ataifanyia nini? Aliyefiwa ni mkewe."

Nimenunua kadi, nikaharibu mbili kwa mwandiko. Ya tatu nimeituma. Nimeandika neno moja, bila tafsiri. Pole ni ya anayebaki, na haimsafishi aliyeondoka. Mumewe sijamsamehe, na mimi sijaungama kitu.